Oktani: Si kila gari huhitaji petroli ya bei ghali

KILA ifikapo tarehe 14 ya mwezi, wenye magari nchini hutega masikio kusikia bei mpya za mafuta zinazotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Lita ikipanda kwa shilingi mbili tu, malalamiko huhanikiza kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar.

Ajabu ni kwamba dereva yuyo huyo aliyelalamika anaweza kufika kituoni kesho yake, akaulizwa na mhudumu iwapo atatiliwa super ya kawaida au ile maalumu ya bei ya juu, naye akachagua ya bei ya juu pasipo kujua inatofautiana vipi na mwenzake.

Wapo wanaoamini kwamba petroli hiyo hulipa gari nguvu zaidi. Wengine hudhani ni safi zaidi, au kwamba kuitumia ni ishara ya kulijali gari. Nao wapo wasioithamini kamwe, ingawa magari yao yameundwa kwa ajili ya petroli ya aina hiyo, na ambao hushangaa injini zao zinapoanza kutoa mlio usiofahamika zikipanda mlima.

Tofauti kuu baina ya petroli hizi mbili ni kipimo kiitwacho oktani. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu nguvu wala usafi. Husema jambo moja pekee: jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo na joto kabla ya kulipuka yenyewe.

Ili kuelewa maana ya jambo hilo, sharti mtu achungulie yanayotendeka ndani ya injini.

CHECHE NA MOTO

Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne. Kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli ndani ya silinda. Pili hupanda na kuugandamiza mchanganyiko huo. Tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi inayotanuka huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje kupitia ekzosi.

Yote haya hutendeka kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni huchukua sehemu moja tu ya mia ya sekunde kutoka juu hadi chini.

Watu wengi hudhani kwamba petroli hulipuka kwa kishindo ndani ya silinda. La hasha. Injini iliyo salama huichoma petroli kwa utaratibu. Moto huanzia penye cheche na kusambaa mithili ya moto wa nyika unaokula nyasi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msukumo huongezeka hatua kwa hatua, na pistoni hushuka bila kushtuliwa.

Tatizo huanza moto huo unapokuwa bado njiani. Kadiri unavyosambaa, ndivyo unavyousukuma na kuupasha joto mchanganyiko ambao haujawaka, ule uliojibanza kwenye pembe za silinda mbali na plagi. Iwapo petroli haistahimili shinikizo hilo, mabaki hayo huwaka yenyewe kwa mpigo mmoja kabla ya kufikiwa na moto.

Mlipuko huo hutoa mawimbi ya msukumo ambayo hugonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Ndio mlio ambao dereva huusikia: tikitiki za chuma, mfano wa punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Aghalabu husikika gari linapopanda mlima likiwa limebeba mzigo, au dereva anapokanyaga mafuta ghafla ilhali gari lingali katika gia ya juu.

Mlio wa mara moja moja hauna madhara makubwa. Ukiendelea, hata hivyo, huondoa utando mwembamba wa gesi unaozikinga kuta za silinda na pistoni dhidi ya joto kali. Alumini ya pistoni huanza kulika, ringi hukatika, gasketi ya kichwa cha injini hupasuka, na hatimaye pistoni yenyewe huweza kutoboka.

Hapo mwenye gari huwa hazungumzii tena tofauti ya shilingi chache kwa kila lita. Huzungumzia kufungua injini nzima.

NAMBARI HIYO HUTOKA WAPI?

Mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti nchini Marekani walikubaliana kuzilinganisha petroli kwa kutumia vimiminika viwili. Cha kwanza, isooktani, hustahimili sana mgandamizo, nacho kilipewa nambari 100. Cha pili, heptani, hulipuka upesi mno, nacho kilipewa sifuri. Aliyependekeza utaratibu huo alikuwa mwanakemia Graham Edgar.

Petroli inayopimwa hutiwa katika injini maalumu ya silinda moja, ambayo mgandamizo wake unaweza kuongezwa au kupunguzwa. Ikianza kugonga pale pale ambapo mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia tano ya heptani ungegonga, basi huitwa petroli ya oktani 95. Haimaanishi kwamba ndani yake mna asilimia 95 ya isooktani.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza, RON, huchukuliwa injini ikizunguka polepole, mara 600 kwa dakika. Cha pili, MON, huchukuliwa injini ikizunguka mara 900 huku mchanganyiko ukiwa umepashwa joto zaidi, na kwa sababu hiyo nambari yake huwa ya chini kuliko ya kwanza.

Kenya, sawa na Ulaya na Japani, hutumia RON. Marekani huchukua wastani wa vipimo vyote viwili. Ndiyo maana petroli inayoitwa 87 kule Marekani hukaribia ile inayoitwa 91 au 92 kwingineko. Mkenya anayesoma kitabu cha gari lililoundiwa soko la Marekani hana budi kuizingatia tofauti hiyo, la sivyo atadhani gari lake hutosheka na petroli hafifu kuliko inavyotakikana.

Jambo la kusisitizwa ni kwamba oktani si nguvu. Lita moja ya petroli ya oktani 98 haina kawi zaidi kuliko lita ya oktani 91 kwa sababu tu ya nambari hiyo. Kinachotokea ni kwamba petroli yenye oktani ya juu humwezesha mhandisi kuunda injini yenye mgandamizo mkubwa, na injini ya namna hiyo ndiyo inayotoa nguvu zaidi kwa mafuta yale yale. Injini isiyoundwa hivyo haiwezi kuitumia fursa hiyo.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio kwa injini za silinda nne, sita na nane zilizoundiwa petroli ya kawaida. Mnamo 2016 kilitangaza kwamba petroli ya bei ghali haikuziongezea nguvu wala kuzipunguzia matumizi ya mafuta kwa kiwango cha maana. Kilikadiria kuwa Wamarekani walikuwa wamepoteza takriban dola bilioni 2.1 katika mwaka mmoja kwa kuyanunulia magari yao petroli yasiyoihitaji.

DAWA ILIYOGEUKA SUMU

Kugonga kwa injini kuliwasumbua wahandisi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uingereza, Harry Ricardo aliunda injini ya majaribio ili kujua kila aina ya petroli hustahimili mgandamizo wa kiasi gani. Nchini Marekani, Charles Kettering, aliyebuni kiwashio cha umeme cha magari, alimkabidhi kazi hiyo kijana mmoja mhandisi, Thomas Midgley.

Midgley alijaribu vitu chungu nzima. Iodini ilifanya kazi lakini ilikuwa ghali na ililika chuma. Anilini ilifanya kazi pia lakini ilinuka vibaya. Mnamo Desemba 9, 1921 alitia kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi, yaani madini ya ledi, na mlio ukatoweka papo hapo.

Petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini Dayton, jimbo la Ohio, Februari 1923. Neno ledi halikutajwa katika jina lake la biashara, ingawa tangu zama za kale ilijulikana kwamba madini hayo ni sumu. Mnamo Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walifariki baada ya kupatwa na wazimu uliosababishwa na sumu hiyo. Uuzaji ulisimamishwa kwa muda, kisha ukarejea na kuenea ulimwenguni kote.

Kwa miongo mingi moshi wa magari ulieneza ledi katika hewa na udongo wa miji. Waathiriwa wakuu walikuwa watoto, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza.

Mnamo Juni 2001 mataifa ya Afrika ya kusini mwa Sahara yalikutana Dakar, Senegal, na kuazimia kuiondoa petroli ya ledi. Kufikia mwanzoni mwa 2006 azimio hilo lilikuwa limetimizwa, Kenya ikiwemo. Kampeni ya kimataifa iliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Ni kutoka huko ambako ilitangazwa mnamo Agosti 30, 2021 kwamba taifa la mwisho, Algeria, lilikuwa limeacha kuuza petroli hiyo mwezi uliotangulia.

UNEP ilikadiria kuwa hatua hiyo huepusha zaidi ya vifo milioni 1.2 vya mapema kila mwaka. Kwa hivyo, nambari inayoonekana leo kituoni ina historia ya machungu nyuma yake. Oktani ambayo zamani ilipatikana kwa sumu, sasa hupatikana kwa ufundi wa kusafisha mafuta na kwa viungo kama vile ethanoli.

Ethanoli si ngeni kwa Wakenya. Katika miaka ya 1980, ile iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa ilichanganywa na petroli iliyouzwa nchini. Oktani yake huzidi 100, na ingawa nia kuu ilikuwa kupunguza gharama ya kuagiza mafuta, ilikuwa pia kinga dhidi ya kugonga.

MAGARI KUTOKA JAPANI

Wakenya wa makamo watakumbuka wakati ambapo vituo vya mafuta viliuza petroli za aina mbili zilizojulikana kama regular na super. Regular ilikuwa na oktani ya chini na bei nafuu, na ilitumika zaidi katika magari makuukuu. Aina hiyo imetoweka. Hata kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na sasa petroli yote huingia nchini ikiwa tayari imesafishwa.

Super ndiyo iliyosalia kuwa petroli ya kila mtu, huku kampuni kadhaa zikiuza pia petroli maalumu kwa majina yao ya kibiashara na kwa bei ya juu. Swali ni: nani anaihitaji hiyo ya pili?

Sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi nchini yalitumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Kenya, ambako sheria hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa. Kwa hivyo jibu la swali hilo liko Japani, wala haliko katika matangazo ya biashara.

Japani huuza petroli za aina mbili. Ya kawaida haipaswi kupungua oktani 89, nayo ya daraja la juu haipaswi kupungua 96. Super inayouzwa Kenya imewekewa kiwango kilicho juu ya hicho cha 89. Maana yake ni kwamba gari lililoundwa kutumia petroli ya kawaida kule Japani linapata hapa petroli iliyo bora kuliko lilivyohitaji.

Miongoni mwa magari hayo ni yale yaliyojaa katika barabara zetu: Toyota Vitz, Probox na Fielder, Nissan Note, Honda Fit na mengineyo mengi ya injini ndogo zisizo na turbo. Mwenye gari kama hilo anayenunua petroli ya daraja la juu kwa sababu ya oktani huwa anatwanga maji kwenye kinu.

Mathalani, tuseme petroli maalumu imezidi super kwa Sh15 kwa lita, na dereva hutumia lita 40 kwa juma. Kwa mwaka mmoja atakuwa ametumia Sh31,200 za ziada. Fedha hizo zingetosha kubadilisha oili mara kadhaa na kununua plagi mpya, mambo ambayo yangelifaa gari lake zaidi.

Kwa upande mwingine, magari yenye turbo ya mbio kama vile Subaru Impreza WRX, pamoja na mengi ya Ulaya yaliyouzwa Japani, Volkswagen Golf yenye turbo ikiwemo, yaliundiwa petroli ya daraja la juu. Mwenye gari la aina hiyo anayedhani ameokoa fedha kwa kulinyima petroli hiyo hujipunja mwenyewe.

Wapo wanaopenda kubashiri kwa kuangalia uwiano wa mgandamizo pekee. Zamani ilikuwa kanuni nzuri: injini yenye mgandamizo unaozidi 10 kwa 1 ilihitaji oktani ya juu. Siku hizi kanuni hiyo hupotosha. Mazda Demio ya lita 1.3 iliyoanza kuuzwa 2014 hugandamiza kwa uwiano wa 12 kwa 1, na Toyota Aqua ya lita 1.5, ambayo husaidiwa na umeme, ilikuwa na uwiano wa 13.4 kwa 1. Zote mbili huruhusiwa kutumia petroli ya kawaida nchini Japani, kwa kuwa wahandisi walidhibiti joto na muda wa valvu kufunga.

Njia ya hakika ni kusoma kitabu cha gari au kibandiko kilichomo ndani ya kifuniko cha tangi. Magari ya Japani huwa na kibandiko cha Kijapani. Kikiwa na neno linalosomwa "regyura", petroli ya kawaida inatosha. Kikiwa na neno linalosomwa "haioku" au "puremiamu", gari huhitaji ya daraja la juu. Asiyejua Kijapani anaweza kukipiga picha na kumwonyesha anayekijua, au kutumia programu ya kutafsiri katika simu yake.

NAIROBI SI MOMBASA

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalifahamu. Gari moja, lililojazwa petroli ile ile, linaweza kuwa kimya jijini Nairobi na kugonga likifika Mombasa.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 ikilinganishwa na ya pwani. Silinda huvuta hewa kidogo, mgandamizo hupungua, na mabaki yale kwenye pembe hayafikii joto la kujilipua. Gari hupoteza nguvu kiasi, lakini hupata nafuu dhidi ya kugonga. Ndiyo sababu katika majimbo ya milimani huko Marekani, kama vile Colorado, huuzwa petroli yenye oktani ya chini kuliko ya kwingineko nchini humo.

Mombasa hali ni kinyume. Hewa ni nzito na joto ni kali. Gari lililosheheni familia na mizigo likianza safari ya kurudi bara adhuhuri, likaukwea mlima wa kuelekea Mazeras huku kiyoyozi kikifanya kazi, huwa limekusanya takriban kila sababu ya kugonga. Mwenye gari la zamani aliyezoea kuishi Eldoret au Nyahururu asishangae akisikia mlio huo mara ya kwanza akiwa pwani.

Magari yenye turbo hayafaidiki sana na mwinuko huo, kwani turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia wepesi wake. Kwa hivyo hoja kwamba "Nairobi haina haja ya oktani" haiwahusu wenye magari hayo.

KITAMBUZI MASIKIO YA INJINI

Magari mengi ya kisasa yamewekwa kitambuzi kidogo ubavuni mwa injini. Kazi yake ni kusikiliza mtetemo unaofanana na wa kugonga. Kikiusikia, kompyuta ya gari huichelewesha cheche kidogo, joto hupungua, na mlio hukoma, aghalabu kabla dereva hajausikia.

Kinga hiyo ina gharama. Cheche iliyochelewa hupunguza nguvu na kuongeza matumizi ya mafuta. Dereva wa gari linalohitaji oktani ya juu anayetumia ya chini huenda asisikie lolote, lakini gari lake litakuwa zito mlimani na litakunywa mafuta zaidi. Isitoshe, kitambuzi hakiwezi kuikinga injini kikamilifu inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu.

Magari mengi ya kabureta na ya distribyuta hayana masikio hayo. Kwayo, sikio la dereva ndilo kinga ya pekee.

MAFUTA YALIYOCHAKACHULIWA

Mara nyingine lawama haiiendei super wala petroli maalumu, bali wahalifu wanaochanganya petroli na mafuta taa. Oktani ya mafuta taa iko chini mno, hivi kwamba kuyachanganya hata kwa kiasi kidogo hushusha kiwango cha tangi zima.

Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa nafuu kuliko petroli na dizeli, na pengo hilo la bei liliwatia tamaa walaghai. Mnamo Septemba 2018 serikali iliyatoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuliziba. Hatua hiyo iliwaumiza wanyonge wanaopikia stovu na kuwasha koroboi, japo lengo lilikuwa kuzikinga injini na mapato ya serikali. Hivyo ndivyo suala la injini kugonga lilivyomfikia hata asiye na gari.

Dalili ya uchakachuaji ni mabadiliko ya ghafla. Gari lililokuwa kimya likianza kugonga, kukosa nguvu au kutoa moshi mara tu baada ya kutiwa mafuta, dereva ana sababu ya kukishuku kituo alichotoka. Anapaswa kuihifadhi risiti, aache kulilazimisha gari, na kuwasilisha malalamiko kwa EPRA, ambayo huwa na utaratibu wa kutia alama za siri katika mafuta ili kuutambua ulaghai huo.

SI KILA MLIO NI OKTANI

Katika gereji za jua kali, fundi akisema injini "imenoki", aghalabu huwa na maana nyingine kabisa: beringi zimekwisha, oili ilikosekana, na sasa vyuma vinagongana. Mlio huo ni mzito, mfano wa nyundo, na husikika hata gari likiwa limesimama. Hakuna petroli inayoweza kuuponya.

Mlio wa oktani, kinyume chake, ni mwembamba, huja gari linapovuta mzigo na hutoweka dereva anapoinua mguu. Valvu zilizolegea nazo hutoa mlio wake, unaofuata mzunguko wa injini uwe na mzigo au usiwe nao. Kumweleza fundi mlio hutokea lini ni muhimu kuliko kumweleza unavyofanana.

Hata pale ambapo kugonga ni kwa kweli, petroli huenda isiwe chanzo. Rediatori iliyoziba hupandisha joto. Masizi yaliyojikusanya juu ya pistoni huongeza mgandamizo na kubaki yakiwa ya moto. Plagi zisizofaa, cheche iliyowekwa mapema mno, au hewa inayovuja na kuufanya mchanganyiko uwe na petroli kidogo, yote haya huweza kuifanya injini igonge hata kwa petroli bora.

Injini ndogo za kisasa zenye turbo na zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wake wa pekee. Zikilazimishwa kuvuta kwa nguvu zikiwa katika mzunguko wa chini, mchanganyiko huweza kuwaka hata kabla ya cheche, na pistoni ikavunjika. Ilibainika kwamba oili ilichangia tatizo hilo, na tangu 2018 pamekuwepo viwango vya oili vilivyokusudiwa kulizuia. Mwenye gari la aina hiyo azingatie oili iliyoagizwa na mtengenezaji, wala asidhani oktani pekee itamwokoa.

CHUPA ZA KUONGEZA OKTANI

Madukani huuzwa chupa ndogo zinazodaiwa kuongeza oktani. Mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu na hesabu zake. Nyingi huahidi kuongeza "pointi" kadha wa kadha, na katika lugha ya wauzaji hao pointi kumi ni sawa na oktani moja tu. Chupa inayoahidi pointi 20 huipandisha petroli ya 93 hadi 95, haiifikishi 113.

Baadhi ya chupa hizo huwa na mchanganyiko wa madini ya manganizi, ambayo huacha mabaki mekundu kwenye plagi. Dereva aliyekwama mahali pasipo na petroli inayofaa anaweza kusaidika nazo, lakini si dawa ya kila siku.

Ni haki pia kusema kwamba petroli nyingi maalumu hutiwa sabuni za kusafisha njia za mafuta na valvu. Faida hiyo ipo, ila haitokani na oktani, na mwenye gari la kawaida anaweza kuipata kwa kulifanyia huduma kwa wakati.

AFANYEJE MWENYE GARI?

Kwanza, asome kibandiko au kitabu cha gari lake. Kikisema petroli ya kawaida, super inatosha. Kikisema ya daraja la juu ni lazima, asiibanie. Kikisema inapendekezwa tu, anaweza kutumia super katika safari za mjini na kununua ya juu anapokwenda safari ndefu yenye joto, mzigo na milima.

Pili, mlio ukisikika njiani, apunguze mafuta, ashushe gia ili injini izunguke kwa wepesi, na azime kiyoyozi hadi amalize mlima. Kuliburuta gari kwa gia ya juu ni kulitesa.

Tatu, mlio ukiendelea akiwa na petroli inayofaa, amwone fundi aliyehitimu na aanzie kwenye mambo rahisi: maji ya rediatori, plagi, na kipimo cha cheche. Asikubali kufunguliwa injini kabla ya hayo kukaguliwa.

Wahudumu wa bodaboda nao wasibabaishwe. Pikipiki zao za injini ndogo hazikuundiwa petroli ya daraja la juu, na shilingi za ziada zinazotumika humo ni riziki inayomwagwa barabarani.

Usiku wa tarehe 14, bei mpya zitakapotangazwa tena, hakuna dereva atakayeweza kuzibadilisha. Alicho nacho mikononi mwake ni uamuzi wa bomba lipi liingizwe katika tangi lake, na uamuzi huo huanzia kwenye kibandiko ambacho wengi hawajawahi kukisoma. Wahenga walisema usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mwenye gari, ufa ni ule mlio mwembamba mlimani.